Habari ya Mama Kutolewa Kwenye Hema la Chakula

Karakana ya Baiskeli,
Nyalenda,
S.L.P. 1107,
Kisumu.

22 Agosti 1974

Mpendwa Shemeji Wakhisi,

Natangaza rasmi, kwa jina la nyumba hii yote, wakubwa kwa wadogo, kwamba tangu Jumamosi iliyopita chipsi zimepigwa marufuku chini ya paa langu. Atakayezileta, hata akiwa mgeni wa heshima, atazila nje pamoja na kuku. Uamuzi huu hauna rufaa.

Baada ya hayo, hujambo? Kifua chako kinaendeleaje na joto la huko Mombasa? Mkeo Rosa na watoto wazima? Sisi huku wazima wa mwili. Dada yako Nekoye hajambo. Agneta ametimiza miaka mitatu na hana breki. Barasa ana mwaka na nusu na meno sita, na yote anayatumia. Mvua imeingia uwanda wa Kano, tunasikia Ahero watu wanatembea na viatu mkononi.

Mama Nabututu yuko kwetu tangu mwanzo wa mwezi, kama tulivyopanga mimi na wewe, akingoja tarehe tatu Septemba daktari amtoe mtoto wa jicho. Macho yote mawili sasa ni ukungu mtupu. Mchana anaujua kwa joto tu.

Sasa nikueleze, maana nimekaa na hasira siku tano na imeanza kuniharibia kazi. Jana nilifunga gurudumu la mtu kinyumenyume.

Kuna kampuni moja ilileta michezo hapa, karibu na ziwa. Farasi wa mbao wanaozunguka, vigari vya kugongana, gurudumu refu kama mnara wa kanisa. Nekoye akasema tumpeleke Mama achangamke kabla ya hospitali. Nikauliza kipofu anapelekwa kutazama nini. Mama alinisikia kutoka chumba cha pili. Hasemi nami moja kwa moja, wajua, kwa hiyo alimwambia Agneta, "Mwambie baba yako mimi sikuomba kutazama. Nimeomba kupanda."

Na alipanda, shemeji. Alikaa juu ya farasi wa mbao, Agneta mbele yake, akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Nilikuwa mbali, nimeangalia pembeni kama inavyotakiwa, lakini kicheko nilikisikia. Tangu nimwoe dada yako sijawahi kukisikia.

Ilipofika saa saba watoto wakaanza kulia njaa. Hema la chakula lilikuwa na vitambaa mezani na maua ya plastiki. Nekoye alikaa na Mama na watoto karibu na mlango. Mimi nilikwenda meza ya tano, nikawapa mgongo. Mkwe hali mbele ya mama mkwe wake; hata wewe, siku ile ya arusi kule Kimilili, ulikula nyuma ya ghala. Kwamba haoni si kitu. Mimi naona.

Mama aliletewa ngege mzima na ugali, watoto chipsi. Chai alitaka itiwe kwenye kikombe chake cha bati, kile anachotembea nacho, kwa sababu mkono wake unakijua. Barasa akajichafua. Nekoye akambeba kwenda bombani, na Agneta akawafuata mbio, chipsi mdomoni.

Yaliyofuata nimeyapata kwa mhudumu mmoja anaitwa Gordon, kijana mwenye adabu, ndiye peke yake pale.

Mama alibaki akila taratibu. Unajua anavyokula samaki: vidole vinatangulia, miiba anaipanga ukingoni mwa sahani, mmoja mmoja, kama fundi saa. Akapita bwana mmoja wa suti. Akaona bibi kipofu peke yake, fimbo, kikombe cha bati. Akatumbukiza senti ndani ya chai.

Mama akaitoa kwa vidole, akaipapasa. "Nani ameangusha kifungo chake?" akauliza. Meza ya jirani ikacheka.

Kicheko hicho nilikisikia, shemeji. Nikadhani wanamcheka Barasa. Nikaendelea na samaki wangu.

Ndipo meneja akaja. Mfupi, mwenye kalamu tatu mfukoni. Akamwambia, "Wewe bibi, kuombaomba ni nje ya lango."

"Mimi ninakula," Mama akasema. "Nimeletwa na mkwe wangu."

"Mkwe gani?"

"Yuko humu humu."

"Nionyeshe."

"Nitamwonyeshaje na mimi sioni? Na yeye hawezi kunitazama nikila."

"Basi anaitwa nani, tumwite?"

Hapo ndipo waliposhinda. Jina langu haliwezi kutoka kinywani mwake mbele za watu, na hata mkimchoma moto asingelitaja. Meneja akawageukia wale wa meza ya jirani, akasema, "Mnaona? Ana mkwe asiyeonekana na asiye na jina." Wakacheka tena, akamshika mkono, akamtoa. Mkono wenye ugali, Wakhisi. Hakumwacha hata anawe.

Mimi nilimaliza samaki wangu. Naandika hili kwa sababu usiponisikia mimi utalisikia kwa Nekoye, na yeye ataongeza sauti. Nilimaliza mpaka kichwa. Nilipogeuka, ni kwa sababu Nekoye alipiga kelele, "Mama yuko wapi?" na Gordon alikuwa anaondoa sahani.

Tulimkuta nje ya lango, kwenye nyasi, karibu na kibanda cha tikiti. Amekaa wima, miguu imenyooshwa, kikombe mapajani. Ndani yake kulikuwa na senti nyingine mbili. Agneta alifurahi, akazimwaga na kuanza kuzichezea.

Nilirudi kwa meneja. Nilimwambia huyo ni mama wa mke wangu, na aje sasa hivi amwombe msamaha kwa mdomo wake. Unajua alinijibu nini? "Mzee, kama ni wako, mbona ulimpa mgongo?"

Nikamwambia hiyo ni heshima.

"Hapa ni hoteli," akasema, "heshima za bomani acheni bomani. Nitakurudishia pesa za samaki, yaishe."

Nilimwambia pesa azitie kwenye chai yake. Nilisema na mengine, ambayo sitayaandika kwa kuwa barua hii huenda ikasomwa na Rosa. Walinzi wawili wakanisindikiza. Gordon alitukimbilia njiani na samaki wa Mama amefungwa kwenye gazeti. "Mama, pole sana," akamwambia. Mama akapokea, akashukuru, na hakumla. Barasa ndiye aliyemla.

Tangu siku hiyo Mama hacheki. Benta, jirani yetu, alikuja kumpa moyo, akamwambia, "Nyanya, karibu utaona jua na wajukuu." Mama akamjibu, "Na wale walionicheka je? Hao pia nitawaona?" Kisha akamwambia Nekoye kwamba mwisho wa mwezi atarudi nyumbani, na daktari amtafutie mwingine hayo macho. Daktari amesema akikosa zamu hii atangoja mwaka mzima, na kwa mwaka huenda lisibaki jicho la kupasua.

Mimi siwezi kumsihi, nitamsihi kwa mlango gani? Ujumbe wangu unapitia kwa mtoto wa miaka mitatu, na jana ulifika kwamba baba anataka macho ya nyanya.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. La kwanza, barua hii ikifika, tuma telegramu siku hiyo hiyo, umwamuru Mama abaki. Wewe ndiye mwanawe wa kiume, neno lako analishika. La pili, niandikie kwa Kiingereza chako kikali, kwa taipureta ya ofisi yenu, barua ya kumfikia mkubwa wa ile kampuni, aje Nyalenda na meneja wake wapige magoti. Mimi hiyo nitaipeleka kwa mkono. Mama akisikia msamaha, najua atakaa. Muda tunao, leo ni tarehe ishirini na mbili tu.

Nisalimie Rosa, watoto wote, na Perez, mwambie baiskeli yake bado iko hapa na inamngoja. Nekoye anakusalimu, ametoka asubuhi na watoto, sijui sokoni. Mungu akulinde na kazi yako na kifua chako.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye hata kwa hasira,

Nicodemus Walubengo

N.B. Nekoye amerudi nikiwa natafuta bahasha. Alikuwa stendi. Mama ameondoka na basi la Bungoma la saa mbili.