Mguu Wangu Hauumi

Mke wangu,

Ukirudi kutoka zamu, maharage yameiva, yatie chumvi tu. Gesi nimefunga.

Nimetangulia hospitali. Leo naanza vyote viwili kwa pamoja, dripu ya kemo, ile dawa ya saratani, na mionzi. Daktari anasema dawa inaudhoofisha uvimbe ili mionzi iumalize, na tukibahatika, kisu hakitahitajika. Aliposema kisu ndipo nikamsikiliza vizuri.

Halafu usishtuke, mama yako anajua. Najua tulikubaliana kusema saratani ipo gotini. Lakini asubuhi amekuja na dawa ya kuchua, akapiga magoti mbele yangu. "Mkwe wangu, jana ulichechemea kulia, leo kushoto. Nichue lipi?"

Mama mkwe kunipigia magoti kwa ajili ya uongo, hapana. Nikamwambia, "Mama, si goti. Ni uume."

Akafunga chupa taratibu. "Basi hiyo nawaachia madaktari. Ila kwa kuchechemea kule, hata kuku hakukuamini." Tangu nianze kuumwa sijacheka vile. Yeye hakucheka. Alinishika bega, akaenda kuwaamsha watoto.

Wanao wasiende shule bila chai.

~~Wewe lala, usije hospitali. Mimi mwanaume, nitajimudu.~~

Nimefuta hapo. Njoo. Naogopa. Mama yako atabaki na watoto. Mara ya mwisho waliponitoa damu nilimshika nesi mkono mpaka akaniuliza kama nina mke.

Baba Watoto