Mikanda Chini ya Mabawa

Jumapili, 2 Novemba

Asubuhi nzima napiga msasa kiungo cha mabawa. Vumbi la plastiki limefika mpaka kwenye chai. Binti yangu Rehema kapita, kasema kwa Kiswidi kwamba sebule inanuka gundi, kajifungia chumbani. Sawa.

Ndege ni mfano mdogo wa plastiki, ya kivita, injini mbili. Naijenga ya upande wa serikali, ile iliyoruka katika vita vya kwao Byamungu, jirani yangu Mkongo wa ghorofa ya pili. Picha za ubavu ninazo tele. Za tumbo, hata moja. Watu hupiga picha ndege ikiwa imesimama, tumbo linatazama lami. Wenzangu wa klabu ya wajenzi wa ndege ndogo hubuni rangi yoyote na kusonga mbele. Mimi siwezi. Mimi ndiye ninayegeuza ndege zao juu chini na kuhesabu ribiti, vile vichwa vya misumari ya bati. Hawanipendi kwa hilo na sijali.

Jumanne, 4 Novemba

Byamungu alipanda jioni, bado na sare yake ya udereva wa basi. Ananiita yaya, kaka mkubwa kwa Kiswahili cha kwao. Kwetu Tanga yaya ni mlezi wa watoto. Nimezoea.

Nikamlalamikia kuhusu tumbo. Akasema, "Tumbo yake mi nilionaka."

Nikaruka. Nikachukua kalamu. Rangi gani? Bluu ya mbingu. Alama? Mikanda miwili myeusi chini ya kila bawa. Upana gani? Karibu na ncha au karibu na kiwiliwili? Akajibu yote huku anaangalia viatu vyake. Chai hakumaliza.

Nimefurahi kupita kiasi. Hatimaye!

Jumatano, 5 Novemba

Tukiwa mezani mke wangu Zuhura kaniuliza: mtu huliona tumbo la ndege ya vita akiwa amesimama wapi?

Wali ukanishinda. Mimi ni mjinga.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimeshuka kwake kuomba radhi. Akaniketisha, akanieleza yote, sauti moja, kama anayesoma vituo vya basi.

Dada yake mdogo alikuwa mtoni anafua. Yeye alikuwa ukingoni. Serikali ilikuwa na ndege za aina hii, na wale waliokuwa wakipigana nayo walikuwa nazo pia. Moja ikazunguka kilima, ikalala ubavu, akaliona tumbo lote. Dada akataka kukimbia. "Nikamuambia kaa, njo yetu." Alidhani ni ya serikali, upande wao. Haikuwa yao, ikashambulia. Dada alifia palepale kwenye mawe. Jina lake hakulitaja, na mimi sikuuliza.

Kisha akaniomba. "Yaya, weye unajua mambo ya ndege. Zote zilikuwaka na ile mikanda, ao ni za bale tu? Unitafutie."

Nimemwelewa. Ikiwa zote zilikuwa nayo, basi hakuna ambaye angeweza kuzitofautisha. Ikiwa ni za wale tu, basi alama ilipita juu ya kichwa chake naye akasema ni yetu.

Nikaahidi. Mdomo wangu huu.

Alhamisi, 13 Novemba

Nikitoka kazini natafuta. Vitabu vya klabu, mitandao ya Wajerumani, ya Warusi. Watu wazima wanatukanana kuhusu rangi ya ngazi ya rubani. Wiki mbili zilizopita ningeingia nami kutukana.

Natafuta huku ninataka jibu moja tu. Sijawahi kutafuta hivyo.

Jumamosi, 15 Novemba

Södertälje, kwa Lennart, mzee wa klabu. Ujanani alikuwa fundi wa ndege huko huko kwao Byamungu, kwa mkataba. Kahawa, keki, mbwa mzito miguuni. Akatoa bahasha. Alikuwa akilala chini ya ndege na kamera yake ili akumbuke mahali pa kila kifuniko. Tumbo, tumbo, tumbo. Kila mjenzi angelia kwa furaha.

Ya serikali: bluu tupu. Hakuna mkanda. Ya wale wengine, iliyoanguka bila kuvunjika sana: mikanda minne, miwili kila bawa, myeusi tii, inayoonekana kutoka mbali. Lennart anasema waliipaka makusudi, ili askari wao walio ardhini wasiitungue. Askari walifundishwa. Wanaofua mtoni hakuna aliyewafundisha.

Kanipa picha ya ile ya serikali nikae nayo. Kwenye treni niliiweka kifudifudi mapajani.

Jumatatu, 17 Novemba

Zuhura anasema nimwambie ukweli, ni mtu mzima. Pia nimwambie kwamba raia hawakufundishwa alama. Najua. Lakini namjua Byamungu. Atasikia nusu ya kwanza, na nusu ya pili itapita kama tangazo la stesheni.

Nimemfokea mke wangu. Hana kosa. Nina hasira na kila mtu, hata na mbwa wa Lennart.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimepaka mikanda. Kwenye ndege ya serikali. Mkanda mmoja umepinda kidogo. Mungu anisamehe.

Nikampigia simu. Akapanda. Nikampa ndege. Akaiinua juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, akasimama chini yake akiangalia. Muda mrefu. Mimi nilikuwa naangalia pazia.

"Hata yetu," akasema.

"Hata yenu."

Akaketi. Akasema dada yake aliitwa Furaha. Alikuwa mbishi, alikuwa anamcheka kaka yake akiimba kanisani kwa sababu kaka mtu anaimba vibaya. Akaendelea hivyo mpaka Zuhura akaleta chakula, na hata akila hakunyamaza. Nilimwambia aichukue ndege. Akakataa, nyumbani kwake hataki ndege. Ndiyo haki yake.

Jumapili, 30 Novemba

Klabuni. Sikutaka kuipeleka, ila Lennart alipiga simu kuuliza imetokaje, na uongo wa pili sikuuweza. Akaigeuza juu chini. Akaangalia mikanda, akaniangalia mimi. Akasema mikanda hiyo ni ya wale wengine, na picha ya ile ya serikali ninayo, alinipa mwenyewe. Meza yote ikageuka kunitazama. Wameisubiri siku hii miaka.

Nikasema nimekosea.

Wakacheka, mmoja akapiga meza. Nikacheka nao. Lennart hakucheka. Alinieleza dawa ya kufuta rangi bila kuharibu bluu. Nikamshukuru, nikasema nitaiacha hivyo hivyo. Nikataka kumrudishia picha yake. Akasema nikae nayo, huenda nikaihitaji.

Kwenye lifti nimemkuta Byamungu na mifuko ya soko. Kaitania kofia yangu, ati ya bibi harusi. Sijawahi kumsikia akinitania. Nikamrudishia utani. Akashuka ghorofa ya pili, akiimba, vibaya kweli. Mimi nikaendelea juu na picha mfukoni. Sijui niiweke wapi.