Jina la Mikdad Limo

Mwanangu Mikdad,

Basi wamekubali! Ule mfumo wa kuendeshea kompyuta, usio na mwenyewe, unaotengenezwa na watu dunia nzima, umepokea kazi ya mwanao Adila. Kompyuta ilikuwa inabeba habari za mtandao moja moja, kama mtu abebaye dagaa wa Mbegani mmoja mmoja. Yeye kaifanya ibebe kwa tenga. Sasa mtandao unakimbia! Nikapika bokoboko, mtaa mzima ukala.

Na wameandika aliyefanya: Adila Mikdad. Umemnunia tangu amkatae mchumba uliyemletea, lakini jina lako hakuliondoa kwenye lake. Andika ninavyokutajia, Adila, usiruke!

Mpigie, baba. Usisingizie mtandao, keshautengeneza. Mimi mamako Mwanabaraka ndiye nasema. Haya, jirani Esha ananiita, vitumbua vinaungua. Nakuja, we Esha!