Kichwa cha Mama Mkwe

Jumanne, 5 Novemba 2024

Amekataa tena! Nimemwambia, Mama, leo saluni haina wateja, njoo nikuchane, nikusuke hata mistari mitatu. "Asante, mkwe." Akakaza kitambaa. Miezi minne anaishi nasi hapa Moshi na nywele zake sijaziona. Nasuka nusu ya mtaa, ila chanuo langu halifai kichwa chake. Kisa mimi Mkibosho, yeye Mchaga wa Marangu, na watu wa huko hawatuamini. Basi! Na mimi nina roho.

Binti yetu Kindness kaja na homuweki: maana za neno la Kiingereza comb. Kanisomea kamusi — chanuo, upanga wa jogoo, sega la asali, kupekua kila mahali. Neno moja, kazi nne! Kama mama wa nyumbani.

Alhamisi, 7 Novemba

Yesu wangu.

Bibi yake alimtuma Kindness aazime chanuo la meno mapana, kimyakimya, nisijue. Nikamfuata hadi mlangoni. Mama kakaa kitandani, kichwa wazi, anachana huku na huku, ila nyuma ya sikio anapakwepa. Nikaingia bila hodi. Uvimbe! Ukubwa wa limao dogo.

Akalia. Nikalia. Kumbe ulianza kahawa ilipoiva, mwezi wa saba. Alitaka watoto wote wapande kwanza nyumbani Marangu Krismasi, wachinje, wale, wacheke, ndipo aseme. Mimi huku nimenuna miezi minne! Nimejionea aibu.

Jumatatu, 11 Novemba

Hospitali. Foleni. Wamempiga picha, wamemchoma sindano kuchukua kipimo. Mume wangu Efraimu katupeleka. Majibu Alhamisi. Siwezi kuandika.

Alhamisi, 14 Novemba

Mafuta tu! Si saratani! Daktari anasema yamejikusanya chini ya ngozi, akitaka watayatoa. Nimemkumbatia nesi nisiyemjua. Mama kauliza mara tatu, una uhakika, mwanangu? Nimepika mtori wa ndizi na nyama sufuria zima, tumekula tukacheka ovyo. Mungu asante.

Jumamosi, 16 Novemba

Naandika nimesimama, nimejifanya naandika oda ya rasta. Mama yupo kwenye kiti cha saluni mbele ya wateja, kichwa wazi! Mvi tupu, laini, nzuri. "Polepole, Mkibosho!" Wateja hoi kwa kicheko. Furaha yangu haisemeki.

Halafu akasema, kama anayetoa habari za sokoni: kule kihambani, shamba la ukoo Marangu, chini ya migomba, pale alipochagua azikwe, sasa tupande maharage. Efraimu alishapasafisha tangu Agosti.

Agosti! Efraimu alijua. Kila nilipomlalamikia kwamba mama yake ananichukia, jibu lake lilikuwa, mzoee tu.

Mama kashtuka, kanishika mkono. "Mwanangu, usimseme. Nilimwapisha asikwambie." Sijui nicheke au nilie. Geti limelia. Huyo Efraimu, kabeba mkungu wa ndizi, anauliza kutoka nje — mbona wanawake mmenyamaza ghafla?