Vidonge vya bibi yake Shaibu

Jumatano. Ukungu umekaa hapa kijijini Mkunya tangu asubuhi na baridi haitaki kutoka mwilini. Shuleni sikwenda kufundisha. Nimetoka msibani.

Shaibu wa jirani alikuwa na miaka mitatu. Naandika leo hii kabla sijaanza kujidanganya.

Zahanati yetu ina daktari mgeni kutoka Hispania, mama wa makamo, amekuja kwa mwezi mmoja. Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu. Mimi Kihispania nilikipata kwa masista wa huko Hispania nilipokuwa nawafanyia kazi, basi vipindi vikiisha naenda kumtafsiria. Nilikuwa najivuna kidogo, niseme ukweli.

Jana mchana Mama Shaibu alifika mbio na mtoto mgongoni, amelegea, jasho linamtoka katika baridi ile. Mama mkwe wake alikuwa nyuma. Daktari akauliza mtoto amekula nini. Mama Shaibu alimtupia jicho mkwe wake, kisha akanitazama mimi.

"Amekula pipi za bibi yake, Mama Neema."

Bibi huyo, mama mzazi wa Mama Shaibu, hana pipi. Ana vidonge vya kisukari, na mimi nilijua. Huku kwetu tunawaambia watoto vidonge ni pipi ili wameze bila vurugu. Mama Shaibu anafanya hivyo, nami nafanya. Mtoto alikuta pipi kwenye kopo la bibi, akajihudumia. Mama yake hakuthubutu kulisema hilo mbele ya mkwe ambaye tangu harusi anamtafutia kosa la kumrudisha kwao.

Nilikuwa na maneno matatu ya kuchagua. Caramelo ni pipi ya kumumunya. Pastilla ni kidonge, ingawa hata pipi ya kikohozi huitwa hivyo, kwa hiyo ningeweza kusema nusu ya ukweli. Comprimido ni kidonge tu, basi.

Nikasema caramelos.

Nilitaka kumsitiri mwanamke mwenzangu: ningetaja kidonge, daktari angedai kuletewa kopo palepale, na mkwe angejua. Nilijiambia mkwe akitoka tu, nitamnong'oneza daktari. Mkwe hakutoka. Daktari akapima malaria, akasubiri majibu, akamsikiliza kifua, na mimi nimesimama pale na neno langu mdomoni. Ilipita karibu nusu saa. Shaibu alipoanza kutetemeka ndipo niliposema comprimidos, vidonge vya kisukari, kwa lugha zote mbili, mbele ya wote.

Daktari aligeuka ghafla kunitazama, kisha akakimbilia dripu ya sukari. Gari likapatikana kumpeleka hospitali ya Masasi. Alifia njiani, kwenye mteremko.

Leo msibani daktari alinishika mikono akanishukuru. Anadhani mama ndiye aliyechelewa kusema. Mkwe naye anadhani hivyo, na anasema kwa sauti. Mama Shaibu alikaa kwenye mkeka akiwa amejifunika khanga, hakujitetea. Anajua nilichokifanya. Nilikula wali wa msiba nikaondoka.

Nyumbani, Neema wangu ana homa tangu juzi. Nilipomletea kidonge cha jioni alifungua mdomo mwenyewe.

"Pipi, mama."

Nikamwambia si pipi, ni dawa, ni chungu. Akaufunga mdomo. Alilia, akakitema mara mbili, na nilipomshika kwa nguvu akaniangalia kama mtu asiyenijua. Mwishowe alimeza.

Kesho kabla ya kengele ya shule nitakwenda kwa daktari, kisha kwa yule mkwe. Sentensi ya Kihispania nimeshaitunga, fupi tu. Ya Kiswahili ndiyo bado inanishinda.