Walipohesabiwa, Walikuwa Mpungani

Jumanne, Mei

Na hii ndiyo sheria tuliyoisubiri kwa hamu. Kila shule ya serikali, ya mjini hata ya huku kwetu Lumemo, ipate fedha sawa kwa kila mwanafunzi.

Leo ofisa wa wilaya amekuja bila taarifa kuwahesabu wanafunzi wangu. Karibu wote wako mashambani, wanafukuza ndege kwenye mpunga.

"Watarudi mavuno yakiisha," nilimwambia.

"Mwalimu, mimi naandika ninaowaona."

Fedha zitakuja kwa idadi hiyo tu. Basi darasa la tatu litaendelea kukaa chini kwenye vumbi, bila madawati.

Jioni Mama Zena, ambaye binti yake yuko darasa la tatu, alipita kwangu akitoka shambani kwenda dukani kununua chumvi. Nikamweleza. Akasema taratibu:

"Ungetuambia kuwa watahesabiwa, mwalimu. Mpunga tungewaachia ndege."