Ukuta Ninaoujua Mimi

Nyumbani, chumba cha mbele
Jumanne, tarehe 9

Mpendwa mjukuu wangu, mwana wa binti yangu,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanung'unika, na manung'uniko yake nimeshayazoea. Wewe je, kile kikohozi kimekuacha? Unakula, au unashinda na chai tu mpaka jioni? Kwenye picha uliyotuma nilizihesabu mbavu zako.

Tivii imefika salama, nyembamba kama daftari. Ahsante sana. Hiyo ahsante isome mara mbili, maana yanayofuata si matamu.

Mjomba wako amekuambia nimeikataa zawadi yako. Si kweli. Nilichokataa ni mahali pa kuitundika. Yeye na fundi wake, huyu tunayemwita Chapchap, waliutaka ukuta wa mlangoni kwa sababu soketi ya friji iko pale chini. Chapchap akasema atachimba plasta, auzike humo waya wa tivii, achomeke pamoja na friji, na nusu saa tumemaliza. Nikamwambia waya ule si wa kuzikwa. Ukichubuka ndani ya plasta nani atauona? Na friji ikishtuka, tivii nayo ishtuke?

Kubwa zaidi ni matundu ya boliti. Ukuta huo marehemu babu yako aliujenga mwenyewe. Bomba la nyaya lilikuwa moja na halikutosha kushuka wima kisha likate kona, basi akalipitisha mshazari, kutoka pembe ya juu ya mlango hadi kwenye soketi. Nililishika kwa mikono miwili, yeye akipiga plasta. Shule niliishia darasa la tatu, lakini lile bomba lilinichosha mabega siku nzima, nitalisahauje?

Chapchap akacheka. "Bibi, nyaya hupanda wima. Ndiyo sheria."

"Marehemu hakuisoma hiyo sheria," nikamjibu. "Alikuwa na bomba moja."

Alipoinua drili nikavuta kigoda, nikakaa, mgongo ukutani. Ndipo mjomba wako akakupigia simu, na sauti yako nikaisikia mwenyewe: "Mtoeni tu Bibi hapo, fundi anajua kazi yake." Mjukuu wangu, maneno yale yaliniuma kuliko goti. Mimi nitolewe kama mkeka?

Tena hujui ulichompa mjomba wako. Alipokata simu akasema, "Umeona, hata mjukuu wake anakubali kuwa akili zimemwishia. Mwisho wa mwezi Mama anahamia kwangu, na nyumba hii tunaipangisha." Alisema hivyo mbele ya fundi, nami nimekaa pale nasikia. Kumbe walikuwa wanapima kichwa changu, si ukuta.

Sikulia. Niliinuka, nikaenda kuzima swichi kuu, nikamwambia Chapchap aweke drili chini achukue patasi. Agonge taratibu pale pale alipotia alama ya penseli, kwenye tundu la katikati. Aligonga huku anatabasamu. Plasta ilipodondoka kina cha kidole kimoja, bomba likajitokeza, limelala mshazari kama nilivyosema. Tabasamu likamfutika. Akaketi kwenye kigoda changu, akasema polepole, "Mama, hapa ningekufa." Nikamletea maji. Mjomba wako akatoka nje kuongea na simu ambayo haikuita.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Chapchap akarudi Jumapili, safari hii hana haraka. Akapitisha bomba jipya kwenye ukuta wa dirishani, lina nyaya zake peke yake toka kwenye boksi la swichi, pamoja na waya wa ardhi, ule wa kukinga shoti. Soketi kaiweka juu, nyuma ya tivii lakini pembeni kidogo, maana plagi ikikaa katikati huisukuma tivii na haiwezi kulala ukutani. Hilo la pembeni alilijua yeye, nami nikalikubali. Mwenye haki nampa haki yake.

Sasa nisikilize. Mjomba wako bado anazungumzia mwisho wa mwezi, na anasubiri neno lako kwa kuwa mama yako hayupo tena. Mwandikie. Usimtukane, ni kaka wa mama yako. Mwambie tu kwamba Bibi ana akili timamu na haendi popote. Ukiona haya kuandika hivyo, usiandike, nami nitajua nina wajukuu wangapi.

Nisalimie mkeo, na kitukuu changu mumfundishe kutogusa soketi. Jirani yetu mshonaji anakusalimu. Huja kutazama habari kila jioni na kubishana nazo. Mungu akufunike uendako na akurudishe ukiwa na nyama mwilini.

Tivii imefungwa kwa boliti nne ndefu. Mimi sikufungwa kwa boliti hata moja, lakini anayetaka kututoa na aanze na tivii.

Ni mimi nikupendaye hata nikikugombeza,
Bibi yako, mwenye nyumba